Bima ya Mtani Wangu

Kwetu Uluguru wafiwa kazi yao ni kulia tu. Kuchimba kaburi, kuhangaika na maiti, kumsema marehemu kwa ubahili wake na ulevi wake mpaka wanaolia wacheke huku kamasi zinawatoka, hiyo ni kazi ya watani. Mtani ni mtu wa ukoo mwingine. Ukoo wake na wako zilishapatana tangu enzi za mabibi wa mabibi zetu: tutatukanana bila kukasirikiana, na tutazikana bila kuogopana. Hakuna aliyetia saini agano hilo. Unazaliwa unalikuta, unakufa unaliacha.

Mtani wangu nilimpatia sokoni. Nilikuwa na genge langu Mwembesongo, nauza ndizi, magimbi na viungo kidogo, na yeye alikuwa akishuka kutoka milimani upande wa Kinole na mikungu ya ndizi na magome ya mdalasini. Siku ya kwanza aliniuliza ukoo wangu. Nilipomtajia akaziba pua.

"Kumbe! Nasikia kitu kimeoza hapa, nikadhani ni maparachichi."

"Shusha huo mzigo wako wa wizi haraka," nikamwambia, "kabla sijaita mgambo."

Tukacheka, tukapatana bei, na kuanzia hapo mzigo wake hakumpelekea mtu mwingine. Tulizeeka pamoja. Binti yake alipokuja kusoma mjini alilala kwangu, chumba kimoja na wajukuu zangu, akala walichokula. Na shamba langu la huko juu, la ukoo wa mama, yeye ndiye aliyeliangalia lisimezwe na majani. Watu wa bara waliohamia mtaani kwetu wakitusikia asubuhi walidhani tunagombana. Mmoja alikuja kutusuluhisha. Tulimtukana wote wawili, akaenda zake.

Masika ya mwaka juzi tumbo la mtani wangu likaanza kukua.

Mwanzoni nilipata pa kusemea. "Mimba ya nani hiyo, uzeeni?"

"Ya babu yako. Alinitokea ndotoni, maskini, bado hana meno."

Lakini niliona anavyoshusha mzigo. Anashika kiuno, anasimama kwanza, midomo imekuwa ya majivu. Nikamburuta hospitali mwenyewe. Wakampima kwa ile mashine ya kupaka mafuta ya baridi, wakasema kuna uvimbe, utolewe kwa kisu, na asikawie. Alilazimika kujiandaa: gharama za kulazwa, dawa, mtu wa kukaa naye. Alirudi kimya. Mtani wangu kuwa kimya ni jambo la kutisha, ni kama kuona mto Ngerengere umesimama.

Ndipo akaja yule msichana. Alikuwa na fulana ya kampuni, mwavuli mkubwa wa rangi ya chungwa, na simu mbili.

"Shikamooni bibi zangu."

"Marahaba. Unauza nini wewe, mbona huna mzigo?"

"Nauza bima, bibi. Ukilazwa unapewa pesa ya kila usiku uliolala wodini. Na ikitokea bahati mbaya, kuna fao la mazishi."

Tukatazamana. Kitu kinacholipa ukilazwa ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Mtani wangu hela yake yote bado ilikuwa ndizi mbichi juu ya meza yangu, kwa hiyo nikasema nitamlipia mimi, kwenye simu yangu. Msichana akaomba na namba ya mgonjwa, ya kumtumia taarifa. Kule juu simu ya nyumba nzima ilikuwa moja, na aliyekaa nayo ni kaka yake, mkubwa wa ukoo wao, maana mtandao unashika pale tu anapokaa yeye, kwenye jabali mbele ya nyumba. Tukatoa hiyo.

"Na fao la mazishi apokee nani?"

Mtani wangu akacheka, cheko lake la zamani. "Andika huyu hapa. Huyu ndiye atakayenizika. Akishindwa kunizika, atanila."

"Nitakula nini hapo, mifupa mitupu? Andika, mwanangu. Hizo hela nikizipata nanunua ng'ombe."

Msichana hakucheka. Alikuwa mgeni, wa mkoa mwingine. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaandika jina langu. Simu yangu ikaniuliza namba ya siri, nikaiweka. Yeye akaendelea kusema haraka haraka, kwamba itakuwa inajiendesha yenyewe, bibi, wala hutasumbuka, nikamshukuru kwa kutonisumbua. Kwetu mgonjwa unamchangia, ukishachanga unatulia. Sijawahi kuona mchango unaorudi mlangoni kwako, ukafungua kabati na kujichukua wenyewe.

Mwezi uliofuata, asubuhi, simu ikalia nikiwa nachambua magimbi. Nasoma polepole, darasa la tatu ndilo lililonitoa, lakini nasoma. Nikaona neno bima, nikaona salio langu limepungua. Nikaipeleka kwa kijana wakala wa pesa, jirani yangu pale sokoni.

"Bibi, umelipa bima."

"Nililipa mwezi uliopita."

"Imejilipa tena."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yako, bibi. Siku ile uliyoweka namba ya siri uliiruhusu iwe inajikata kila mwezi."

"Mimi nilimsaidia mtu mara moja!"

"Yenyewe haijui hayo."

Nikanuna, nikaacha. Haikuwa hela ya kumliza mtu. Kesho yake dereva wa pikapu ya kule juu akaniletea mzigo bila mwenyewe. Mtani wangu alikuwa ameanguka shambani, wamemkuta kalala kwenye migomba, hajitambui. Alipozinduka aliuliza kama ndizi zimefika kwangu.

Nikasema moyoni, uvimbe huo. Nikamtumia salamu na matusi, aje alazwe; akajibu atakuja akishapata hela ya dawa.

Mwezi wa pili simu ikalia tena. Safari hii nilikuwa naingoja, nikaisoma mpaka mwisho. Asante kwa kulipia. Bima ya fulani imehuishwa. Tunawatakia afya njema. Keshokutwa yake dereva akaja na habari kwamba mtani ametapika mfululizo, hashiki hata uji. Alipokuwa akinieleza alikuwa akiangalia mkono wangu ulioshika simu. Au mimi ndiye niliyeangalia, sijui.

Mwezi wa tatu nikaikomoa. Nilitoa hela yote, nikaiacha simu kavu kama kibuyu cha mwaka jana. Siku ikapita, haikulia. Nikaona nimeshinda. Mimi nina mjukuu Dodoma, muuguzi, mtoto niliyemsomesha kwa magimbi haya haya, na kila mtu Mwembesongo anajua kwa sababu nimemwambia kila mtu. Mjukuu wangu akanitumia hela ya kubadilisha bati lililotoboka. Ilipoingia tu, kabla sijatoka hata kwenye kigoda, simu ikalia mara ya pili. Imekatwa. Ikakata na faini ya kuchelewa.

Wiki hiyo mtani wangu akaacha kutembea.

Nataka nieleweke. Mimi si mtu wa kukimbia bundi. Nimezika watu wengi, nimewavisha, nimewabeba miguu, nimelala nao chumba kimoja kungoja kuche, na hakuna aliyenitokea ndotoni. Lakini ile simu nilianza kuiogopa. Niliifunga kwenye kanga nikaitia kwenye debe la mchele. Nikawa napika huku nasikiliza debe.

Nikapanda kwenda kumwona.

Ukishuka kwenye pikapu kuna mlima wa kupanda kwa miguu, njia nyembamba, mvua haikunyeshei bali inakushika shika tu usoni. Nilibeba unga wa uji, sukari, na kilo ya nyama. Watu niliokutana nao njiani walinipisha. Nikaona ni heshima. Baadaye nikakumbuka kwamba walinipisha mbali mno, wengine wakaingia mpaka kwenye majani yenye maji.

Binti yake, yule aliyelala kwangu, alinipokea kikapu uani. "Shikamoo mama." Hakuinua macho. Kikapu hakukiingiza ndani. Alikiweka chini ya mchirizi wa paa, kwenye matope, na mpaka naondoka kilikuwa pale pale, kuku wanadonoa unga.

Kaka wa mgonjwa akanijia. Huyo naye ni mtani wangu, ukoo ni ule ule, na siku zote alikuwa ananiita mchumba. "Mchumba wangu asiye na makalio kaja," hivyo ndivyo alivyozoea kunikaribisha, mbele ya mkewe. Siku hiyo alisema:

"Karibu, mama."

Mama. Si mchumba.

Alitoa simu kwenye mfuko wa plastiki. "Nasikia unajua kusoma. Nisomee hii."

Nikasoma. Bima imelipiwa. Mpokeaji wa fao la mazishi ni, halafu jina langu, la kwangu na la baba yangu.

"Kuna nyingine. Na nyingine hii. Soma zote, mama, sisi hatuna haraka."

"Hiyo ni bima ya matibabu."

"Matibabu yanaandika mazishi?"

"Yote yamo mle mle. Alikuwepo mwenyewe, alisema mwenyewe waniandike mimi. Tulikuwa tunataniana."

"Najua. Alitusimulia usiku ule ule, anacheka. Alisema utamla." Akairudisha simu mfukoni. "Ya kwanza ilipoingia dada yangu alianguka. Nikanyamaza. Ya pili, akatapika. Nikanyamaza, nikasema huyu ni mtani, tusikosee. Ya tatu ilichelewa, nikasema afadhali. Ilipoingia, akalala, hajainuka. Sasa wewe niambie. Utani ni wa mdomo. Huu wako mbona unalipiwa?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kijana wakala wa sokoni, na pale mlimani, katika ukungu ule, niliona wazi kwamba halitasimama hata kwa mguu mmoja. Nani atalipia msiba wa mwenziwe kila mwezi, hataki, hajui, hela inatoka yenyewe? Hata mimi ningesikia habari hiyo ya mtu mwingine ningekaza macho.

"Nitaifuta," nikasema.

"Ifute."

Wakaniruhusu kuingia. Chumba kilijaa moshi wa majani waliyokuwa wakimfukiza. Tumbo lilikuwa juu, yeye mwenyewe kama amewekwa chini yake. Nikasimama mlangoni nikatafuta tusi. "Amka, mvivu. Unangoja nani akupikie?"

Akatabasamu kidogo, upande mmoja. "Mtani. Ni kweli unanilipia kila mwezi?"

"Simu inajilipia. Mimi siitumi."

"Basi iambie iache. Wananitisha hapa."

"Na hospitali?"

Akageuzia macho mlangoni. Kaka yake alikuwa amesimama nje, miguu yake inaonekana chini ya pazia. "Wanasema kisu hakitoi kitu kilichotupwa na mtu," akasema kwa sauti ndogo.

Kesho yake niliingia ofisi ya kampuni, mjini, nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Kijana mwenye tai alinipa kiti na maji. Sitamsema vibaya, alinisikiliza.

"Kufuta tunaweza, bibi. Tutamtumia mgonjwa ujumbe, akubali, inakwisha. Lakini unaona hapa? Kwa mtu aliyejiunga akiwa tayari mgonjwa, kuna muda wa kungoja kabla hajalipwa. Muda wake unaisha mwezi huu. Malipo yanayokuja yakishaingia, kila usiku atakaolala wodini analipwa. Ukifuta leo, imepotea yote. Akitaka tena, anaanza upya kungoja."

"Anaweza kungoja?"

"Hilo la kuwauliza madaktari, bibi."

Madaktari walishasema asikawie.

Nikampigia mjukuu wangu. Nikategemea atanisifu kwa kufika ofisini peke yangu. Aliponisikiliza mpaka mwisho akapandisha sauti, mtoto ambaye hajawahi.

"Bibi, futa! Futa leo hii!"

"Atapasuliwa kwa hela gani?"

"Tutachanga. Bibi, hujui vikongwe wanafanywa nini huko vijijini? Mtu akishaitwa jina lile hakuna wa kumtetea. Wanakuja na mapanga, bibi, hawaji na maswali."

"Huko ni kwa watu wengine. Sisi Waluguru hatuui bibi zetu."

"Na wao ndivyo wanavyosema, mpaka siku yenyewe."

Nilikaa gengeni siku mbili sikuuza kitu. Nikifuta, jina langu linasafishika na mtani wangu anabaki kwenye moshi na tumbo lake. Nikiacha, simu italia tena, na safari hii akianguka watajua hawakukosea kunishuku. Hela ya kuchanga nisingeipata upesi, wanangu wana mizigo yao, na bati liko pale. Nilijiuliza swali moja tu: yeye angekuwa mimi, angefanyaje? Nikajua angenitukana kwanza, halafu angekuja kunichukua.

Sikufuta. Nikatia hela kwenye simu kwa mkono wangu mwenyewe, ya kutosha kukatwa, nikapanda mlima siku mbili kabla.

Nilikwenda na vijana wanne wa kwetu na machela. Kaka yake alitukuta uani, na wanaume wa ukoo wao walikuwa wamekaa ukutani, zaidi ya waliozoea kukaa. Mapanga yalikuwepo. Kule kila mtu ana panga, ni la migomba. Lakini mtu aliyekaa huwa analiweka panga lake chini.

"Umefuta?"

"Sijafuta. Nimekuja kumpeleka hospitali."

"Haendi."

"Muulize yeye."

"Nimekwambia haendi."

Ndani kitu kikaanguka. Halafu tukamsikia, sauti nyembamba lakini ni yake. "Naenda."

Alikuwa ametambaa mpaka kizingitini. Binti yake alikuwa nyuma, anamshika kanga, analia. Mtani wangu akamtazama kaka yake, si mimi. "Nikibaki nakufa. Nikienda labda nakufa. Acha nikafie penye taa."

Kaka yake akaniangalia muda mrefu. Sikumwona na chuki, na hilo ndilo lililonitia hofu. Uso ulikuwa wa mtu aliyemaliza hesabu zake.

"Mchukue," akasema. "Lakini sikiliza, mama. Akifa, hela unapokea wewe. Basi na maiti pokea wewe, huku usiilete. Na wewe mwenyewe usirudi. Shamba lenu la hapa juu hatutaliona, na wewe hatutakuona. Atakayekukuta njiani asije akaniuliza mimi."

Tukashuka. Kubeba mgonjwa milimani huwa kuna nyimbo, kuna kejeli, watani wanamwambia mgonjwa yu mzito kama deni. Siku hiyo vijana walibeba kimya, miguu inateleza, na nyuma yetu kwa mbali kulikuwa na mtu mmoja aliyetufuata mpaka barabarani. Tukisimama, anasimama. Hakuja karibu hata nikamtambua.

Wakamlaza, wakamwekea maji na damu. Asubuhi ya pili wakamwingiza chumba cha upasuaji, na mimi nikaachwa kwenye benchi la ukutani pamoja na binti yake. Alikaa ncha ile, mimi ncha hii.

Simu ikalia.

Sikuhitaji kuisoma, lakini niliisoma, kwa sababu binti alikuwa ananitazama. Asante kwa kulipia. Imehuishwa. Tunawatakia afya njema. Saa ile ile mtani wangu alikuwa amefunguliwa tumbo nyuma ya ule mlango. Binti akasimama akaenda kusimama mwisho wa ukumbi, mgongo umegusa ukuta, mikono imefunika tumbo lake mwenyewe. Niliyemwogesha. Niliyemfundisha kusuka nywele.

Nikaanza kuwaza ujumbe unaofuata utakavyoandikwa. Pole kwa msiba. Fao lako limeingia. Nikaona hela zikiingia kwenye simu hii, na simu hii mkononi mwangu, na wale wanaume wa ukutani wakiinuka mmoja mmoja. Nikatamani kuitupa chooni. Nikaishika kwa mikono miwili nisije nikaitupa.

Daktari alitoka jua limeshaanza kuingia kwa madirisha ya upande wa pili. Alisema wametoa kitu kikubwa kama fenesi changa, na kwamba mama anahema vizuri. Akauliza nani ndugu yake. Binti alibaki kule ukutani. Nikajibu mimi: "Mimi mtani wake." Akacheka, akanipa mkono.

Kampuni ililipa. Kila usiku aliolala tangu ujumbe ule walilipa, na dawa tukanunua, na nyuzi zikatolewa. Siku ya kutoka mtani wangu alisema nimletee yule kijana wa ofisini kwenye simu. Akasikiliza, akasema nakubali, akanirudishia.

"Imefutwa," akasema. "Nimechoka kuzikwa kila mwezi."

Tulicheka mpaka akashika mshono. Nafurahi tulicheka, maana sikujua kwamba ndiyo mara ya mwisho.

Akarudi kwao, akapata nguvu. Akalima. Dereva wa pikapu akawa ananiletea habari njema, na kila habari njema aliileta akiwa ameangalia pembeni, mpaka nikamkaba.

"Sema. Una nini?"

"Bibi, mimi sisemi, ila huko wanasema. Wanasema umemwachia."

"Nimemwachia nini?"

"Wanasema ile simu ilipozimwa tu, akainuka. Ilipokuwa inalia, anaanguka. Ilipofutwa, anapona. Wanasema mtu haoni ushahidi kama huo kila siku."

"Alipasuliwa! Kitu kimetolewa, daktari kakiona!"

"Wanasema waliopasuliwa ni wengi, bibi, na wengi wamekufa." Akawasha gari. "Wanasema shukuru ulimhurumia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Angekufa, ningekuwa nimemuua. Amepona, basi nilikuwa namuua nikaamua kuacha. Mtu akinishika mkono sasa anashika mkono wa mtani au wa mchawi?

Baada ya mavuno alikuja. Nilimwona kwa mbali anakuja sokoni kwa miguu yake, amenenepa, kanga mpya, nikainuka na matusi yangu yote mdomoni. Kaka yake alikuwa naye. Alibaki ng'ambo ya barabara, kivulini, ananiangalia.

"We kisukuku," nikamwambia, "mimba uliipeleka wapi?"

Hakuziba pua. Alipiga goti kidogo, kama mkwe. "Habari za hapa, dada."

Nikajaribu tena. Nikamwambia ana kanga ya wizi. Nikamwambia kaka yake kule kivulini ana sura ya mbuzi aliyeona kisu. Akatoa kitambaa kwenye kifua, akakifungua mezani. Zilikuwa hela zote nilizokatwa, mwezi kwa mwezi, amezipanga. Alikuwa ameuza mdalasini kwa mtu mwingine.

"Sizitaki," nikasema. "Mtani halipwi."

"Chukua, dada. Kaka anasema tusibaki na kitu chako."

"Na wewe? Wewe unasema nini?"

Niliona tusi linapanda, nakuapia nililiona, linafika kwenye meno. Akageuka akatazama ng'ambo. Kisha akanitazama mimi, machoni, na nikaona kitu ambacho kule wodini hakikuwepo. Alikuwa ananiogopa. Mtu niliyembeba.

"Mungu akubariki, dada," akasema, akaondoka.

Mjukuu wangu anataka nihamie Dodoma. Ana nyumba nzuri, maji ya bomba ndani, kitanda changu kimeshatandikwa. Kila akipiga simu anaanza na hilo. Nimemwambia siendi. Nikienda watasema nimekimbia, na jina nitakaloliacha hapa litawaangukia wanangu na wana wao, pamoja na yeye na hayo mavazi yake meupe. Kwetu vitu hivyo hurithiwa kwa mama.

Kwa hiyo nipo. Nafungua genge mapema, nafunga jua likiwa bado juu. Wateja wa zamani wapo, baadhi, ingawa wanawake wenye watoto wadogo siku hizi wananunulia kwa yule wa mbele. Kile kitambaa alikiacha mezani; hela zake sijazigusa, nimekifunika kwa mihogo. Kigoda changu nimekihamisha. Zamani nilikaa mbele, nimelipa soko mgongo nikiongea na wapita njia. Sasa nakaa ndani kabisa, mgongo ukutani, nawaona wote wanaokuja. Na kila pikapu ya kutoka juu ikisimama nawahesabu wanaume wanaoteremka, naangalia wameshika nini.